Daktari, Niulize Ninalala Wapi

Ukienda kupimwa tansio, yaani shinikizo la damu, katika kituo cha afya mjini Kindu, mambo ni yale yale. Unakalishwa kwenye benchi, unakunja mkono wa shati, mkanda unafungwa juu ya kiwiko na kujazwa upepo mpaka unabana, kisha muuguzi anatega sikio. Akikuta 160 kwa 100 anatikisa kichwa na kuanza kuuliza. Chumvi unakula kiasi gani? Makayabu, samaki wa chumvi, je? Lotoko, ile pombe kali, unakunywa? Sigara? Katika ukoo wenu kuna aliyepooza? Ni maswali mazuri, hakuna hata moja la kutupwa. Lakini liko moja ambalo ni nadra kuulizwa huku kwetu mashariki mwa Kongo: unalala wapi, na usiku wako unakuwaje?

Si swali la udaku. Kwa miaka mingi Chama cha Moyo cha Marekani kilihesabu mambo saba yanayoulinda moyo: chakula, mazoezi, kuacha tumbaku, uzito, lehemu, sukari na shinikizo la damu. Juni 2022 kiliongeza la nane, usingizi, kikasema mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9 kila usiku. Habari hiyo ilienea ikiwa nasaha nyepesi: laleni mapema, zimeni simu. Nasaha hiyo inamfaa mwenye chumba chake, feni yake na jirani mstaarabu. Anayeishi komini ya Mikelenge hapa Kindu, ukuta kwa ukuta na baa, ukimwambia alale mapema unamtania. Usingizi wa mtu wa Kindu haumo mikononi mwake peke yake. Umo katika bati lake, katika spika za jirani, na katika hofu aliyobaki nayo tangu vita. Kwa hiyo sehemu ya tansio yake haitaondoka kwa vidonge tu, hata vidonge vikipatikana.

Ushahidi kwamba mahali penyewe huigusa damu hautoki mbali. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya watu 1,000 wa vijijini magharibi mwa Kenya. Wazungu wenzake walikuwa wamezoea kuona shinikizo la damu likipanda kadiri umri unavyokwenda, wakadhani ndivyo Mungu alivyomuumba binadamu. Kwa watu wale wa vijijini halikupanda hivyo. Mtu alivuka miaka 40 na damu yake ikabaki shwari.

Miaka sitini na moja baadaye, 1990, Neil Poulter na wenzake, Wakenya wakiwemo, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, utafiti ambao ningependa kila mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kindu ausome. Waliwafuatilia Wajaluo zaidi ya 300 waliotoka vijijini kaskazini mwa Ziwa Viktoria kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Kabila moja, vijiji vilevile, umri ule ule. Waliohama walionekana kuwa na shinikizo la juu kuliko waliobaki, na tofauti ilijitokeza mapema, si baada ya miaka kumi ya kula vibaya. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu, maana mjini unanunua chakula badala ya kukichuma. Uzito pia ulikuwa juu. Lakini kulikuwa na jambo la ziada: mapigo ya moyo yao yalikwenda kasi zaidi. Chumvi peke yake haielezi hilo. Ni dalili ya mwili ulio katika tahadhari, mwili ambao haujapazoea ulipo.

Sasa itazame Kindu. Ni mji uliozaliwa na watu kuhamahama. Wabelgiji walipoiunganisha kwa reli na Kongolo karibu mwaka 1911, pakawa mahali pa kushusha mzigo wa treni na kuupakia kwenye meli za kwenda Ubundu. Wakaja wafanyakazi wa reli, wachuuzi, makarani, askari. Wasongola walikutana na Wakusu, Warega, Wazimba, Wabangubangu na wengine wengi, na Kiswahili kikawa cha wote. Vita vikaongeza wengine, safari hii si wa kutafuta kazi bali wa kukimbia. Yaani Kindu imejaa watu ambao wangefaa kabisa kuingia katika daftari la Poulter.

Usiku una kazi gani hapo? Mtu anapolala vizuri, shinikizo lake la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 chini ya lile la mchana. Ni saa za mishipa kupumzika. Wapo ambao lao halishuki, na hao ndio wanaoongoza kwa kiharusi, kwa maradhi ya moyo na ya figo, hata kama vipimo vya mchana vinaridhisha. Ubaya ni kwamba hali hiyo haigunduliki kwenye benchi la kituo cha afya saa tatu asubuhi. Na mhusika mwenyewe haijui. Kundi moja la watafiti liliwapima watu 140 waliolala majumbani mwao karibu na viwanja vinne vya ndege vya Ulaya, mashine ikiwa mkononi usiku kucha. Ndege ilipopita, shinikizo la juu lilipanda kwa wastani wa milimita 6, hata kwa ambao hawakuzinduka. Matokeo yalipotoka mwaka 2008, lililonichekesha na kunitisha kwa pamoja ni kwamba moyo haukubagua chanzo: ndege, gari, au mwenza anayekoroma, damu ilipanda vilevile. Mtu anaweza kuamka akaapa kwamba alilala fofofo, ilhali moyo wake ulikesha.

Chukua nyumba ya kawaida ya Kindu. Kuta za tofali, paa la bati, hakuna dari. Vyumba viwili na sebule, watu wanane au tisa. Mji uko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, mita mia tano hivi juu ya usawa wa bahari, pembeni mwa Mto Lualaba, na msitu hauko mbali; hewa imelowa mwaka mzima, jasho halikauki. Kuanzia saa sita mchana bati linaungua na kumwaga joto ndani. Jua likizama bati hupoa haraka, lakini tofali hupoa polepole, na joto zililolifyonza mchana kutwa zinalitoa kuelekea kitandani mpaka usiku wa manane. Dirisha lingesaidia. Lakini dirisha ni dogo, ubao wake umefungwa kwa ndani na kukazwa kwa kipande cha nondo, kwa sababu ya wezi. Ndani kuna taa ya kibatari au kijitaa cha sola, ndoo ya maji, masufuria, watoto watatu juu ya mkeka mmoja, na harufu ya dawa ya mbu inayofuka kwenye kisahani.

Mwili hauwezi kuingia katika usingizi mzito bila joto lake la ndani kushuka kidogo. Pasipo upepo halishuki. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walikusanya kumbukumbu za usingizi za watu wazima zaidi ya 47,000 katika nchi 68, wakakadiria kwamba usiku wa joto tayari unamnyang'anya binadamu wa kawaida saa 44 za usingizi kwa mwaka, na kwamba wa nchi maskini ndiye anayenyang'anywa zaidi. Waliopimwa walikuwa watu wenye saa za kisasa mkononi. Wa Mikelenge hawakuwemo.

Hapo ndipo chandarua kinapoingia matatani. Chandarua chenye dawa ni mali. Bila hicho malaria ya mkoa wetu wa Maniema haina mzaha, hasa kwa watoto na wajawazito. Lakini kila aliyelala chini yake ndani ya chumba kilichofungwa anajua kwamba huo upepo mdogo uliopo nao hukatika. Basi saa saba za usiku baba anakitupa pembeni. Wahamasishaji wa afya humlaumu kwa uzembe. Mimi simlaumu. Amechagua kati ya mbu na kukosa pumzi. Wa kulaumiwa ni sisi tunaogawa vyandarua nyumba kwa nyumba bila kuuliza dirisha la nyumba hiyo likoje. Dari ya mikeka au ya magunia chini ya bati, upenyo wa matofali yenye matundu juu ya ukuta, wavu wa chuma dirishani ili lifunguke bila mwizi kuingiza mkono: hivyo ni vitu ambavyo fundi yeyote wa Kindu anaviweza. Wazee waliojengea majani hawakuwa wajinga, ingawa sithubutu kumshauri mtu arudi kwenye paa la majani na moto wa jikoni unavyoruka.

Jiko nalo lina lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, makaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya nusu yao walikufa kwa moyo au kiharusi. Anayepikia ndani kwa sababu ya mvua, kisha akalala palepale na mlango umefungwa, anauvuta moshi huo mara mbili.

Nije kwenye makelele, maana ndiyo yanayoniudhi zaidi. Umeme wa uhakika ni haba mjini, hivyo anayetaka biashara ya usiku anawasha gurupu lake, yaani jenereta. Gurupu moja dogo linatosha kuuharibu usiku wa nyumba ishirini. Juu ya mngurumo wake zinapigwa spika za baa, na mbele kidogo mchungaji anaongoza mkesha wa maombi kwa kipaza sauti, na mtaa wa nyuma kuna matanga yenye muziki mpaka kuche. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa nchi za Ulaya mwaka 2018: makelele ya barabarani usiku yasizidi wastani wa desibeli 45, kiasi cha mazungumzo ya chini chumbani. Spika ya baa kwenye ukuta wa jirani iko mbali mno juu ya hapo.

Watu wataniuliza: na adhana je? Maniema ndiyo kitovu cha Uislamu nchini Kongo tangu zama za miji ya wafanyabiashara Waswahili, Nyangwe na Kasongo, na muadhini wa alfajiri ni sehemu ya mji kama mto ulivyo. Sioni ulinganifu. Adhana ni dakika chache, kwa saa inayojulikana, na mwili huizoea saa inayojulikana. Mkesha wenye kipaza sauti ni saa saba mfululizo. Nimewasikia wachungaji wakijitetea kwamba Shetani halali. Sawa, lakini jirani yako mwenye tansio anapaswa kulala, na Mungu anayesikia kilio cha moyoni hahitaji wati 500.

Matanga ningeyasemea kwa sauti ya chini zaidi. Yanakatisha usingizi, ni kweli, lakini yanatoa kitu ambacho moyo unakihitaji pia. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakaonyesha mwaka 2010 kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa kwa asilimia 50 kuliko wapweke. Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa moyo unaoitwa MESA nao umeonyesha kwamba wakazi wa mitaa ambamo watu wanaaminiana hulala vizuri kuliko wa mitaa ya kutiliana shaka. Mama anayezungukwa na majirani wiki nzima baada ya kufiwa, wakimpikia sombe na kulala naye sakafuni, hakosi dawa. Kinachoharibu mambo ni spika iliyokodiwa, na hiyo ni desturi ya jana tu.

Wakati mwingine maskini anapewa bure kile ambacho tajiri anakitafuta kwa fedha. Kindu ina giza. Mwaka 2022 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 20 wenye afya katika vyumba vya maabara, wengine gizani, wengine chini ya mwanga wa wastani wa taa. Usiku mmoja tu wa kulala na taa ulitosha kuongeza mapigo ya moyo na, asubuhi yake, kupunguza uwezo wa mwili kuitumia insulini. Mitaa mingi ya Kindu usiku ni giza totoro, na anga lina nyota zake zote. Umeme ukija, na uje upesi kwa ajili ya hospitali na masomo ya watoto, taa za barabarani zielekezwe chini, si madirishani.

Lakini giza la Kindu lina historia yake. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuteka mji. Miaka iliyofuata wapiganaji wa Mai-Mai walikaa porini kuuzunguka, njia za mashambani zikafungwa, na wakulima waliolima ng'ambo ya mto au nje ya mji walishindwa kufika kwenye mpunga na mihogo yao. Anayeikumbuka miaka ile anakumbuka kulala na nguo za kutokea na viatu karibu na mlango. Amani ilipotangazwa 2003 hakuna aliyewaambia watu kwamba miili yao ingeendelea kusikiliza. Mwaka 2013 Viola Vaccarino wa Atlanta na wenzake walichapisha habari za wanaume 562, wote mapacha, waliokuwa jeshini Marekani enzi za vita vya Vietnam. Miongoni mwa waliobaki na kiwewe cha vita, karibu 23 kati ya 100 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wasio na kiwewe walikuwa 9 kati ya 100. Mapacha wamekulia nyumba moja, kwa hiyo huwezi kusingizia malezi.

Kushtuka usiku si udhaifu wa akili. Kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wawindaji 33 wa Kihadzabe walivaa vipimo vya usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Daima alikuwepo aliye macho, au aliyelala usingizi wa paka. David Samson na wenzake, waliochapisha habari hiyo mwaka 2017, wanaona ndivyo binadamu alivyolindana tangu kale: mzee anaamka mapema, kijana anachelewa kulala, na kambi haikosi mlinzi. Na Wahadzabe hawalali saa nyingi kutuzidi. Wanazunguka mchana kutwa kwa miguu, wanalala penye upepo, na zamu ya kuwa macho inagawanywa bila mtu kupangiwa.

Hapo naiona tofauti yetu. Katika nyumba iliyofungwa kwa nondo, mlinzi ni mmoja. Mara nyingi ni mama. Ndiye anayesikia hatua za watu nje, mtoto anayekohoa, mvua inayoanza kupiga bati. Analala wa mwisho na kuamka wa kwanza, saa kumi za usiku, ili awahi mtumbwi wa kuvukia Alunguli au mafungu ya samaki sokoni. Miaka ishirini ya hivyo, kisha anapimwa 180 kwa 110 na kuulizwa kuhusu chumvi. Zamu zinagawanyika hata katika familia. Kijana wa kiume mwenye miaka 17 anaweza kushika usiku wa Jumamosi mama yake akalala. Mtaa nao unaweza kuwa na walinzi wake wanaojulikana kwa sura, ili madirisha yafunguke.

Sisemi watu waache vidonge. Anayepewa dawa ya tansio aimeze kila siku, hata siku anayojisikia mzima, na asiyejua hali yake akapimwe. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu wazima bilioni 1.28 walikuwa na tansio duniani na karibu nusu yao hawakujua. Anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika, wa chumbani mwake amwambie daktari, kwa sababu mwenyewe hajisikii. Mwenye baiskeli ya mizigo anayeisukuma siku nzima kwenye njia za msitu ana moyo wenye nguvu kuliko wangu, lakini naye akifika mjini na kulala kando ya gurupu, usiku unamla kama wengine.

Kujenga upya nyumba za Kindu kutachukua miaka na fedha ambazo hazipo. Umeme utakuja utakapokuja. Jambo moja haligharimu hata franki: saa nne za usiku spika zizimwe, za baa, za makanisa na za matanga, na gurupu lisogezwe mbali na ukuta wa jirani. Makelele ya usiku yamekatazwa kisheria nchini Kongo. Hakuna haja ya kutunga kanuni mpya wala kusubiri mfadhili. Meya wa mji na wakuu wa komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli wana uwezo wa kulitekeleza wiki hii. Wachungaji wanaweza hata kabla yao, Jumapili hii hii.